Mchezaji Amebaleghe, Je, Amepata Rushdi?

Mwezi wa Julai mwaka 2025 wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka mabara yote walikutana Ujerumani, katika miji ya Rhine-Ruhr, kwa mashindano yaliyofunguliwa tarehe 16 na kufungwa tarehe 27. Mjini Essen ndiko walikoshindana watu wa jimnastiki, yaani michezo ya viungo: wale wenye kupinduka hewani, kuning'inia penye pete na kutembea juu ya boriti kama paka juu ya ukuta. Huku kwetu habari hiyo ilipita kama mashua ya usiku isiyo na taa. Jicho letu liko mbioni. Mkenya akisikia michezo ya kimataifa huuliza kwanza nani kakimbia mita ngapi, na akishajibiwa hufunga redio yake.

Mimi nasema habari ile ilistahili kutazamwa. Wala sisemi kwa ajili ya medali, kwani medali za mchezo huo si zetu. Nasema kwa sababu ndani yake mna swali ambalo wakuu wa mchezo wamehangaika nalo nusu karne nzima, na bado hawajalimaliza: mtu huwa mtu mzima lini? Ni pale mwili wake ukomaapo, au ni pale akili yake iwezapo kusema hapana? Na swali hili, ndugu msomaji, sisi tuliosomeshwa chuoni tulilikuta limeshawekewa maneno mawili.

Fikihi hutenga baina ya baleghe na rushdi. Baleghe ni jambo la mwili. Lina dalili zake na umri wake, na likifika, swala na saumu humlazimu mtu. Rushdi ni jambo jingine. Ni ule utambuzi wa kujua lipi la manufaa na lipi la madhara, hata mtu akaweza kukabidhiwa mali yake aiendeshe mwenyewe. Yatima aweza kubaleghe leo, na wasii wake akaendelea kumshikia mali kwa kuwa rushdi haijadhihiri. Wazee wetu walilijua hili hata katika mirathi ya mashamba ya minazi. Basi nataka tuitazame michezo ya viungo ya vyuo vikuu kwa maneno hayo mawili, tuone yatatufikisha wapi.

ILIKOANZIA

Michezo ya vyuo vikuu vya dunia ilianza Turin, nchini Italia, mwaka 1959, ikapewa jina la Universiade. Shirikisho linaloisimamia, FISU, lilikuwa limeundwa miaka kumi kabla, mwaka 1949. Ulimwengu siku zile ulikuwa umegawanyika kambi mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, na wanafunzi wa kambi zote mbili walikubali kukutana uwanja mmoja. Pale Turin likaamuliwa jambo la busara: mshindi asipigiwe wimbo wa taifa lake, bali upigwe Gaudeamus, wimbo wa kale wa Kilatini wa wanafunzi. Maana yake ni kwamba aliyeshinda si serikali, ni mwanafunzi. Jimnastiki iliingia mwaka 1961, michezo ilipofanywa Sofia, Bulgaria.

Sharti la kushiriki ni mtu awe mwanafunzi wa chuo kikuu, au awe ametoka chuoni karibuni. Umri nao una mipaka. Zamani mwisho ulikuwa miaka 28. Siku hizi ni kuanzia 18 hadi 25. Kwa mbio ama mpira hilo halimshangazi mtu. Kwa jimnastiki ya wanawake ni jambo la ajabu, kwani kwa muda mrefu mchezo huo ulikuwa wa watoto.

MIZANI YA MCHEZO

Tuuelewe kwanza mchezo wenyewe. Wanaume hushindana kwa vifaa sita: zulia, farasi wa vishikio, pete, meza ya kurukia, fito mbili sambamba na ufito mmoja wa juu. Wanawake wana vinne: meza ya kurukia, fito mbili zisizolingana, boriti na zulia. Zulia ni la mita 12 kwa 12. Mwanamke hucheza juu yake kwa muziki, kwa muda usiozidi sekunde 90. Mwanamume hucheza kimya. Pete za wanaume huning'inia mita 2.8 juu ya sakafu.

Lakini penye kutisha ni kwenye boriti. Ina urefu wa mita 5, imeinuliwa sentimita 125, na upana wake ni sentimita 10 tu, upana wa kiganja. Mtu wa Lamu na aitazame dari ya nyumba ya kale, azione boriti za mkandaa zilivyolala pale, kisha amuwaze msichana anayejirusha kinyumenyume, miguu juu kichwa chini, na kurudi kusimama juu ya mti mwembamba kuliko nyingi katika zile.

Hukumu nayo ina taratibu zake. Tangu mwaka 2006 alama hutolewa kwa mafungu mawili. La kwanza ni la ugumu: mchezaji hukusanya alama kwa kila tendo gumu alilolifanya. La pili ni la utekelezaji: huanza na 10, kisha waamuzi hukata. Kosa dogo hukatwa 0.1, la kati 0.3, kubwa 0.5, na mwenye kuanguka hukatwa 1 nzima. Mwisho mafungu hayo hujumlishwa.

Mimi ni mtunzi wa mashairi, na nilipoisoma kanuni hii niliona tumeshajuana. Shairi lina ugumu wake: vina vya kati na vya mwisho, mizani nane kwa nane, na msamiati mzito. Tena lina utekelezaji wake, kwani yako mashairi yaliyojaa maneno ya ajabu nayo yachechemea njia nzima. Atungaye jepesi likanyooka humshinda atungaye zito likavunjika. Lakini mshairi akivunja mizani, wenziwe humcheka barazani, yakaisha. Akosaye juu ya boriti huvunjika mguu, ama shingo. Ndipo swali la rushdi linapotoka vitabuni na kuwa la uhai wa mtu.

BUCHAREST, 1981

Kabla ya mwaka 2006 alama ya juu kabisa ilikuwa 10. Wa kwanza kuipata katika jimnastiki ya Olimpiki ni Nadia Comăneci wa Romania, mjini Montreal, Julai 1976. Ubao wa matokeo haukutengenezwa kuonyesha nambari hiyo, ukaandika 1.00. Kenya haikuwapo kushuhudia. Nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwamo, zilikuwa zimesusia michezo ile kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga katika Afrika Kusini ya ubaguzi. Nadia alikuwa na miaka 14. Dunia ilimshangilia, na wachache waliuliza ni nani aliyeketi akaamua kwa niaba ya mtoto yule.

Miaka mitano baadaye, Julai 1981, Universiade ilifanywa Bucharest, mji mkuu wa nchi yake. Sasa Nadia alikuwa na miaka 19, na alitwaa ubingwa wa jumla wa wanawake mbele ya watu wake. Yakawa ndiyo mashindano yake makubwa ya mwisho. Kwa hesabu za mchezo ule alikuwa mtu mzima, tena karibu mzee. Kwa hesabu za serikali yake hakuwa na rushdi. Mwezi wa Machi mwaka ule ule walimu wake, Béla na Márta Károlyi, walikuwa wamebaki Marekani wasirudi, na tangu hapo utawala wa Nicolae Ceaușescu ukamwekea Nadia macho. Safari zake zikabanwa. Bingwa wa Olimpiki akawa kama lulu iliyofungiwa sandukuni, ufunguo uko kwa mwingine. Novemba 1989, usiku, alivuka mpaka kwa miguu akaingia Hungaria, wiki chache kabla ya utawala ule kuanguka.

Mwaka huo huo wa 1981 shirikisho la jimnastiki la dunia lilipandisha umri wa wanawake katika mashindano makubwa kutoka 14 hadi 15. Mwaka 1997 ukapandishwa hadi 16. Ndiyo kusema, wakubwa waliitambua baleghe. Rushdi hawakuigusa.

ALIYESEMA HAPANA

Kwamba umri peke yake hautoshi, ushahidi wake ni mchungu. Elena Mukhina wa Muungano wa Kisovieti alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1978, mjini Strasbourg. Mwaka 1979 alivunjika mguu. Kabla hajapona sawasawa alirudishwa mazoezini, kwa kuwa Olimpiki ya Moscow ilikuwa inakaribia, na alitakiwa afanye pale zuliani kichwangomba kimoja cha hatari mno. Mwenyewe alimwambia mwalimu wake kuwa mruko ule utamvunja shingo. Hakusikilizwa. Mwanzoni mwa Julai 1980, mjini Minsk, siku chache kabla ya michezo, alitua kwa kidevu, akapooza mwili. Alikuwa na miaka 20. Aliishi katika hali hiyo mpaka akafariki mwaka 2006.

Miaka 20! Baleghe ameshaipita zamani. Na rushdi alikuwa nayo pia, kwani alilijua la madhara akalitamka kwa ulimi wake. Alichokosa ni mtu wa kuiheshimu rushdi yake.

Sasa mtazame Simone Biles wa Marekani. Tokyo, mwaka 2021, akiwa na miaka 24, katikati ya shindano la timu alijiona hajui tena alipo awapo hewani. Akajitoa. Wako waliomwita mwoga. Siku za mwisho alirudi kwa boriti peke yake akapata shaba, na mwaka 2024, huko Paris, akiwa na miaka 27, akatwaa dhahabu ya jumla. Wote wawili walikuwa mahodari, na wote wawili walisema hapana. Ya Tokyo ilikubaliwa, ya Minsk ikapuuzwa, na hiyo ndiyo sababu mmoja alirudi jukwaani na mwingine hakuinuka tena kitandani.

KAZAN NA MWEZI WA RAMADHANI

Nije kwenye habari iliyo karibu zaidi na wasomaji wa ukurasa huu. Mwaka 2013 Universiade ilifanywa Kazan, mji mkuu wa Tatarstan, nchini Urusi, kuanzia tarehe 6 hadi 17 Julai. Huo ni mji ambamo Watatari Waislamu wameishi karne nyingi, na ndani ya ngome yake umesimama msikiti wa Kul Sharif, wenye minara mirefu na kuba la buluu, uliojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2005. Michezo ikiwa inaendelea, Ramadhani ya mwaka 1434 iliandama. Mwenye kupenda kuhesabu miezi ataona jambo hapa: Universiade ya Bucharest ya mwaka 1981 nayo ilifanywa ndani ya Ramadhani, ya mwaka 1401. Miaka 32 ya jua, 33 ya mwezi, na mfungo umeizunguka misimu yote ukarudi pale pale. Ila mfungo wa Kazan si wa Mombasa. Julai kule jua hukaa angani takriban saa 17.

Bingwa wa jumla wa wanawake alikuwa msichana wa miaka 18 aitwaye Aliya Mustafina. Jina hilo halihitaji mkalimani Kuze wala Lamu. Baba yake, Farhat Mustafin, ni Mtatari, mchezaji mieleka aliyepata shaba pale pale Montreal mwaka 1976, katika michezo ile ile ya Nadia. Aliya alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2010, mjini Rotterdam, akiwa na miaka 16. Aprili 2011, huko Berlin, goti lake lilichanika alipotua kutoka mezani, na wengi wakadhani habari yake imekwisha. London 2012 alipata dhahabu ya fito. Kazan akaongeza ubingwa wa jumla, dhahabu ya fito na dhahabu ya timu. Rio 2016 akaitetea ile dhahabu yake ya fito. Ongeza hapo Oksana Chusovitina, mzaliwa wa Bukhara, mji aliotoka Imamu Bukhari. Yeye alipata fedha ya Olimpiki huko Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 33, mama ambaye miaka ile alikuwa akimhangaikia mwanawe mgonjwa wa saratani ya damu. Kwa mchezo uliozoea kumtupa msichana afikapo 17, hawa ni ushahidi kwamba mwili wa mtu mzima bado una la kusema.

Lakini mizani ina vitanga viwili, na cha pili nacho tukitazame. Urusi, mwenyeji, ilizoa pale Kazan dhahabu 155. China, iliyoifuata, ilipata 26. Mwenyeji alikuwa amewaleta mabingwa wake wa Olimpiki katika mashindano ya wanafunzi, na wageni wakanung'unika kuwa wametiwa bwawa moja na papa. Kisheria palikuwa na jibu: mwenye jina lake katika daftari la chuo ni mwanafunzi. Simnyoshei mtu kidole. Nasema tu kwamba kuandikishwa na kusoma ni mambo mawili. Chuoni kwetu, mtoto hakuhesabiwa msomi kwa sababu ameletwa na mkeka wake. Alingojewa mpaka ahitimu. Serikali ikimwandikisha bingwa ili apate tiketi ya kushindana, chuo kimepata jina, lakini mchezaji hakupata elimu. Na elimu ndiyo mlango wa rushdi.

Tena serikali zikishaingia mchezoni, mwanafunzi hupanda na kushuka nazo. Michezo ya mwaka 2023 ilikuwa imepewa Yekaterinburg, nchini Urusi. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022 mji huo ukanyang'anywa, na mashindano ya Chengdu, China, yaliyokuwa yameahirishwa tangu mwaka 2021 kwa sababu ya korona, ndiyo yaliyofanywa mwaka huo. Ule moyo wa Turin, kwamba mshindi ni mwanafunzi wala si bendera, umebaki katika wimbo wa Kilatini zaidi kuliko katika mambo yenyewe.

CHUO SI NGOME

Wala tusidhani kuwa kijana akishaingia chuo kikuu amesalimika. Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani, alikuwa pia daktari katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Kwa miaka mingi aliwadhulumu wasichana kwa kisingizio cha matibabu. Januari 2018 zaidi ya wanawake 150 walisikizwa mahakamani, mmoja baada ya mwingine, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Chuo kilikubali kulipa fidia ya dola milioni 500. Wako waliokuwa wamelalamika miaka mingi kabla, wakaambiwa kuwa hawakuelewa walichotendewa.

Hayo ni maneno yale yale aliyokutana nayo Mukhina, kwa sauti nyingine: nyamaza, sisi twajua. Na tusijidanganye kuwa ni ya Marekani na Urusi peke yao. Popote penye mwalimu asiyeulizwa na mtoto asiyesikizwa, iwe uwanjani, iwe skulini, iwe madrasani, pana hatari. Adabu tuliyofunzwa ni ya kumheshimu mwalimu, nami naishika mpaka leo. Lakini heshima haijapata kuwa na maana ya kuzibwa mdomo.

BINTI ZETU NA VAZI

Nilipoyaleta mazungumzo haya barazani, maalimu mmoja mzee alinikata maneno.

"Mwanangu," akaniambia, "yote umeyasema vyema, lakini umeliruka la kwanza. Vazi lile si vazi."

"Sikuliruka, Maalimu," nikamjibu. "Nalijia."

Sheria za mchezo zamruhusu mwanamke kufunika mikono na miguu. Ruhusa hiyo ilitumiwa kwa nadra, na aghalabu kwa sababu za dini. Mwaka 2021, katika mashindano ya Ulaya huko Basel, Sarah Voss wa Ujerumani aliingia na vazi refu hadi kifundo cha mguu, na Olimpiki ya Tokyo timu yote ya wanawake wa Ujerumani ikavaa hivyo. Hawakufanya kwa dini. Walisema mwanamke achague vazi ambalo ndani yake ataona raha na salama. Miaka sita kabla, mwaka 2015, Farah Ann Abdul Hadi, Mwislamu wa Malaysia, alishinda dhahabu katika michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki iliyofanywa Singapore. Nyumbani wako walioyaacha yote aliyoyafanya wakalishika vazi lake, na wako wengine wengi waliosimama kumtetea.

Maalimu hakuridhika. "Hilo la Wajerumani limefunika ngozi," akasema, "halikufunika umbo."

Ni kweli, na mwenye kushika hivyo ana hoja yake. Mimi si mufti, wala sitatoa fatwa gazetini. Lakini nikamuuliza: "Na ukumbi ukiwa wa wanawake peke yao, Maalimu, mwalimu mwanamke, mwamuzi mwanamke, na mlango umefungwa?"

Akanyamaza kidogo. "Hapo," akasema, "waniuliza habari nyingine."

Naam, ni habari nyingine, wala si ya kubuni. Huko Tehran, kati ya mwaka 1993 na 2005, ilifanywa michezo ya wanawake wa nchi za Kiislamu ambayo wanaume hawakuingia kuitazama. Njia zipo kwa mwenye kuzitafuta. Kinachonisikitisha ni kuwa katika mijadala yetu kuhusu binti, binti mwenyewe haulizwi. Msichana wa miaka 20 aliyefunzwa dini yake, akafaulu mitihani yake, tunamwamini asomee uganga na sheria, apasue wagonjwa na atetee washtakiwa. Likija suala la mazoezi ya mwili wake, ghafla amekuwa yatima mwenye mawasii kumi, nusu yao wakimsukuma uwanjani na nusu wakimzuia, na hapana aliyemgeukia kumuuliza, "Mwanangu, wewe waonaje?"

VIPAJI VYA PWANI

Na vipaji viko. Tangu watalii walipoanza kumiminika pwani, vijana wetu wa sarakasi wamekuwa wakicheza katika mahoteli ya Mombasa, Diani na Malindi. Husimama mabegani mwa wenzao ghorofa tatu, hupita ndani ya pete za moto, hupinduka mchangani bila ya mkeka. Wengine wamechukuliwa na makundi ya sarakasi ya Ulaya. Mwili wanao na ushupavu wanao. Wasichokuwa nacho ni chuo: mwalimu aliyefunzwa, kifaa kilichopimwa, daktari wa karibu, na masomo ya kumpokea kijana siku goti litakapokataa. Wa sarakasi akivunjika leo, kesho mwingine yuko mahali pake.

Wala kifaa kilichopimwa si mapambo. Katika Olimpiki ya Sydney, mwaka 2000, farasi wa kurukia wanawake aliwekwa chini ya kimo chake kwa sentimita 5. Wasichana hodari wa dunia nzima wakawa wanaanguka, mpaka mchezaji mmoja wa Australia akashuku na kuomba apimwe. Ikiwa sentimita 5 ziliwaangusha hao, seuze kijana anayepinduka kwenye mchanga ambao jana ulikuwa mgumu na leo ni laini?

Afrika imeshaonyeshwa kuwa yawezekana, ingawa kwa njia ya mzunguko. Tarehe 4 Agosti 2024, huko Paris, Kaylia Nemour aliishindia Algeria dhahabu ya fito, medali ya kwanza ya Olimpiki ya jimnastiki kwa bara zima. Alizaliwa na kulelewa Ufaransa, na kumbi zilizomkuza ni za huko. Furaha ni yetu, na somo pia ni letu: kipaji huota popote, bali hukua penye mwenye kukitunza.

Mwaka 2013, ule ule wa Kazan, pwani yetu ilipata vyuo vikuu kamili viwili, Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Hiki cha pili asili yake ni MIOME, taasisi iliyoanzishwa enzi za ukoloni kwa elimu ya ufundi ya vijana Waislamu. Wazee walioianzisha walitaka kijana awe na dini kichwani na ufundi mikononi, na hawakuona kuwa kimoja chamzuia mwenziwe.

Basi sisemi kesho zijengwe kumbi za mamilioni. Nasema mambo matatu. La kwanza, vyuo na serikali za kaunti ziwatazame vijana wa sarakasi kama wanafunzi watarajiwa, wapewe nafasi ya kusomea ualimu wa mazoezi na tiba ya viungo, ili ujuzi wao usiishie mchangani. La pili, penye ukumbi, wanawake watengewe saa zao na walimu wao, kisha binti na wazazi wake waamue bila ya kelele zetu. La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa, kila afundishaye mtoto mchezo wa hatari afungwe na sharti lililoandikwa: mtoto akisema hapana, mazoezi yamesimama, na hapana wa kumwita mwoga. Mtoto aliyezoezwa hivyo, akifika chuo kikuu atakuwa na miaka ya baleghe na akili ya rushdi kwa pamoja.

Mashindano ya mwaka 2027 yamepewa Chungcheong, Korea Kusini. Sitarajii kumuona huko kijana wa Kisauni au wa Faza juu ya boriti. Natarajia kwamba sisi tutakaoyatazama tutauliza zaidi ya nani kapata dhahabu. Tumtazame msichana anaposogea kwenye kifaa, tuulize ana miaka mingapi, anasoma nini, ni nani mwalimu wake, na lau angegeuka pale pale akasema siwezi leo, je, angesikizwa? Wazazi na walimu wenye maoni juu ya hili na wayaandike, ukurasa huu ni wao.

Wabillahi taufiki.